Fungu la Msafiri

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, uani kwa Mwalimu, pale Zena alipouliza swali ambalo sisi wakubwa tulijua haliulizwi.

"Mwalimu, mbona baasto hutufundishi?"

Zena yuko darasa la pili, meno ya mbele hana, na mdomo wake hauna mlango. Baasto ni zile tambi ndefu ambazo hapa Kismayo kila nyumba huzipika, ya mwenye nacho na ya asiye nacho. Tulishafundishwa wali, sukari, chai, tende, hata thomu, yaani kitunguu saumu. Baasto hatukuwahi. Na kwa kweli ndicho chakula ambacho mwalimu yeyote angeanza nacho.

Mwalimu alikuwa ameshika kiganja cha iliki. Alizirudisha moja moja ndani ya kopo, akajifunga leso upya, akasema, "Darasa limekwisha." Tukadhani ni la siku ile. Jumamosi tukaja, tukakuta komeo. Tukabisha. Akasema kutoka ndani, "Hakuna darasa tena. Nendeni mkacheze."

Tangu hapo sina amani. Mama anasema Mwalimu hatafungua mlango ule mpaka akubali kumsomea mwanawe khitma, na neno hilo Mwalimu hataki kulisikia. Mimi si msemaji, hata nyumbani wananisahau nikiwa nimekaa katikati yao. Kwa hiyo naandika. Kama darasa limekufa kweli, angalau nimuweke yeye hapa jinsi ninavyomjua. Kiswahili hiki nilikipata shuleni Mombasa, kabla hatujarudi. Mwalimu, kama watu wa visiwani kwao, husema "mchu", hasemi "mtu", nami nitaandika alivyosema.

Si mwalimu wa shule. Hakuna aliyemwajiri, na ukimuuliza nani alimpa ruhusa atakwambia, "Njaa yenu." Watoto wakitoka chuo cha Kurani alasiri hupita kwake, kila mmoja na kitu alichochukua jikoni kwao, kidogo tu, cha kushika kwa vidole viwili: punje za mchele, jani la chai, karafuu, pilipili. Anavitandaza juu ya ungo, anavitazama kama sonara, halafu anachagua kimoja. "Huyu leo atueleze safari yake."

Ramani hakuwa nayo. Ramani ilikuwa sisi. Alitusimamisha uani: wewe Brazili, kaa kule karibu na pipa la maji, wewe India, hapa mlangoni, wewe Oman, wewe Kenya, wewe Pakistani. Sukari ikitoka Brazili ilipita mkono hadi mkono, na kila nchi ilibidi iseme imeifanyia nini, mmoja ameivuna miwa, mwingine ameitia guniani, mwingine ameipakia, hadi ifike Kismayo, na Kismayo alikuwa ni Mwalimu mwenyewe na kikombe chake cha chai. Watoto waligombania Brazili. Sijui kwa nini, labda kwa ajili ya mpira. Mimi tangu siku ya kwanza alinipa kuwa bahari. Nililala juu ya mkeka katikati ya ua, na vyakula vyote vikapita juu yangu. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kuwa alinitafutia kazi isiyo na maneno, maana bahari haiulizwi chochote. Nimekua, sasa niko sekondari, na bado nilikuwa nakwenda kulala pale kila alasiri, na wadogo wakinirukia tumbo.

Ni mrefu, mkavu, sauti yake imekwaruzika. Hutafuna karafuu kutwa kama wengine wanavyotafuna ubani. Akikaa haegemei. Akicheka hufunika mdomo, akigombeza haufuniki. Ana misemo yake, na mingi sijaisikia kwa mchu mwingine. "Tumbo la mchu ni bandari," husema, "halimuulizi anayeingia ametoka kwa nani." Ukisema chakula fulani si chetu, atakuuliza, "Chetu ni kipi? Mchele? Sukari? Chai hiyo? Ukitoa vya wageni kwenye sinia utabaki na nazi na chumvi, na nazi yenyewe utaambiwa ilikuja ikielea."

Lakini huyo huyo, ukimpa chai isiyo na iliki, haimalizi. Thomu ya Uchina anaitukana mchana kweupe, eti kubwa kama ngumi na ladha kama maji ya mvua. Na sukari anapima kwa ncha ya kijiko. Watoto wamesafirisha sukari kutoka Brazili mpaka Kismayo, mikono imewanata, halafu kila mmoja anapata chembe za kuhesabika. "Mwalimu mchoyo!" Zena alimwambia siku moja. Akajibu, "Mchoyo ni mama yako aliyekupa punje tatu za mchele uniletee. Mwambie nazihifadhi, nitampikia walima."

Hapo zamani, alipokuwa bado anakula samaki, alitupeleka sote dukani kwenye kona. Mwenye duka ni mchu wa kisiwa cha Koyama, na ndugu zake hadi leo ni wavuvi. Kwenye rafu alikuwa na mikebe ya jodari iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Thailand. Mwalimu aliushika mkebe mmoja, akaugeuza, akamsogelea yule mwenye duka.

"Huyu unamjua?"

"Jodari, bi mkubwa."

"Najua jodari. Nauliza unamjua? Maana naona kama jamaa yenu. Kaondoka hapa bila pasi, karudi kavaa bati, na wewe unamuuza kwa ndugu zake."

Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea magunia. Mimi sijui kama jodari yule alitoka kweli bahari yetu, na sidhani kama Mwalimu alijua. Lakini tangu siku ile kila nikiona taa za meli kubwa za kuvulia mbali na pwani, namfikiria samaki aliyevaa bati.

Mafunzo yake yalimletea balaa pia. Kulikuwa na harusi mtaani, sinia zimeshushwa, na watoto wa darasa letu wakaketi pamoja. Mkono ukiwa tayari ndani ya sinia, mmoja akamuuliza baba wa bi harusi kwa sauti kubwa, "Wali huu wa wapi?" Kwa Mwalimu hilo ni swali la adabu. Kwa watu wa Kismayo, waliopitia miaka ya njaa na kuona mchele wa msaada ukiuzwa sokoni, kumuuliza mwenye shughuli wali wake umetoka wapi ni kumwambia umeiba. Yule baba alisimama, kilemba kikaanguka. Wanawake walichungulia mapaziani. Mwalimu ilibidi aende kuomba radhi, na Mama alimsindikiza.

Baba wa bi harusi alisema, "Umewafunza watoto wa watu utovu wa adabu."

"Nimewafunza kuuliza," Mwalimu alisema. "Pa kuulizia sijawafunza. Somo hilo ni la kesho."

Na kweli kesho yake somo lilikuwa hilo: usimuulize mchu alikotoa chakula ilhali mkono wako tayari umo ndani ya sinia.

Kuna desturi yake moja ambayo nimeichelewesha kuiandika kwa sababu ndiyo inayoniuma.

Kila siku akipakua chakula cha mchana, hupakua sahani mbili. Moja yake. Ya pili huifunika kwa kawa na kuiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Ni ada ya nyumba za mabaharia, ameturithisha hata sisi tusio na baharia nyumbani: aliye safarini hupakuliwa fungu lake, likae mpaka alasiri, kisha apewe mtoto, kwa kuwa chakula cha msafiri hakitupwi. Baada ya sala ya alasiri, kabla ya somo, Mwalimu aliondoa kawa na kuita jina. Tulisukumana! Siku ya kuitwa ulijiona umepata sikukuu. Nami nilikula mara nyingi, wali wa nazi, maharagwe, mchicha. Msafiri ni nani hatukuuliza. Watoto hawaulizi wakiwa wanakula, hilo nalo alitufunza.

Msafiri ni mwanawe wa pekee. Aliondoka na wenzake kwa njia ya kule Sudan na Libya, ile ambayo hapa huitwa tahriib, kwenda Italia. Mwaka mmoja ulipita, na sasa tumo katika wa pili. Kijana mmoja aliyekuwa naye alifika, akapiga simu ya Mama, akasema mashua ilipinduka, na kuwa yeye mwenyewe aliokolewa asubuhi. Mwalimu alimuuliza jambo moja tu: "Ulimuona akizama?" Yule kijana akasema kulikuwa na giza, hakumuona. "Basi," Mwalimu akasema, "hukuona kitu." Akamrudishia Mama simu.

Kuanzia hapo watu wakamjia. Sheikh wa msikiti wetu alikuja kumnasihi aruhusu sala ya ghaibu, inayosaliwa mchu ambaye mwili wake haupo. Nilikuwepo, nilikuwa naosha vikombe.

"Bi mkubwa," alisema, "kumsalia mtu si kumuua."

"Kama si kumuua, Sheikh, tuanze na wewe."

Sheikh alikohoa, akamaliza chai yake, akaondoka. Ndugu zake wa kisiwa cha Chovae walikuja, naye akawapikia vizuri, akawaaga. Mama alijaribu kwa upole. "Dada, mwanao anataka dua, hataki wali."

"Maiti ndiye anayetaka dua. Wali ni wa mchu aliye hai. Ndio maana nampikia wali."

Mama akainuka kuaga. Lakini njiani tukirudi aliniambia kitu ambacho mimi, ninayejifanya mwenye macho, sikuwa nimekiona. "Anasema yu hai. Mbona basi samaki hali?"

Ni kweli. Mwanamke wa visiwani, aliyelelewa kwa samaki, tangu simu ile hajanunua hata dagaa. Hakumwambia mchu sababu. Alihamia maharagwe na mchicha kana kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote. Ulimi wake ulikuwa unasema hili, na jiko lake linasema lile. Na baasto pia hazikupikwa tena mle ndani, wala hazikufunzwa, wala nchi ya Italia haikuwahi kusimama uani kwetu. Sisi wakubwa tuliliona pengo lile, tukalizunguka. Zena hakulizunguka.

Hadi hapa niliandika mlango ungali umefungwa. Sasa nafika Jumatano, siku ya sita tangu darasa lifungwe. Mama aliniambia, "Nenda ukamwangalie. Wewe huna maneno, hutamuudhi."

Nilikwenda baada ya alasiri. Komeo halikuwa limetiwa. Nilimkuta amechutama penye mfereji wa maji uani, anasugua sahani kwa majivu. Ilikuwa imeshang'aa naye bado anasugua. Kawa lilikuwa chini, limepinduliwa, na sisimizi wameingia. Palikuwa na harufu ya wali uliochacha. Hakuniangalia.

"Kaa," alisema. Nikakaa juu ya kinu.

"Tangu niwafukuze nyinyi hakuna mtoto wa kumpa. Nilimwita paka. Paka kanusa, kaenda zake. Jana nikasema, na likae, huenda akatokea mchu. Leo nafunua limetoa povu." Alisuuza sahani, akaishika mbele ya uso wake. "Nimemwaga wali wa mwanangu. Mimi. Kwa mkono wangu."

Akaendelea, na alikuwa akiongea na sahani zaidi kuliko mimi.

"Mlikuwa mkila nyinyi, sahani ikirudi tupu, moyo wangu unasema: kala. Najua ni Zena, najua ni wewe, lakini moyo ukiona sahani tupu unasema kala. Sahani ilikuwa ikinidanganya vizuri. Leo nimeiona imejaa."

Halafu akanieleza juu ya baasto. Mara ya mwisho mwanawe alipopiga simu alikuwa Libya, ufukweni, na alisema kesho wanapanda mashua. Hakutaka mamake aanze kulia, basi akamuuliza, "Mama, leo umepika nini?" Akamwambia, "Baasto." Kijana akacheka. "Mimi basi nakwenda kuzila kwao zinakotoka. Nitakwambia kama wanajua kupika." Ndilo neno lake la mwisho.

"Nitawafunza vipi safari yake?" alisema. "Nikianza safari ya baasto nitapita wapi, nisipite hapo?"

Adhana ya magharibi ilikuwa bado. Jirani alikuwa anatwanga, kisha akaacha. Mwalimu akainuka, akakung'uta kawa, sisimizi wakamwagika.

"Mwambie mama yako, Ijumaa. Sheikh amsalie mwanangu msikitini, na wanawake waje hapa tumsomee. Chakula ni baasto. Na watoto wote waje, hata yule kibogoyo. Yeye hasa."

Mama alipopata habari alilia kwanza, kisha akashtuka. "Khitma ya baasto? Watu watatucheka!" Khitma kwetu ni wali, ni pilau. Alikwenda mbio kumbembeleza. Akarudi na jibu: "Amesema wacheke, lakini watacheka wameshiba."

Ijumaa wanaume walisali sala ya ghaibu baada ya sala ya Ijumaa. Alasiri ua ukajaa wanawake na misahafu, sufuria za kuazima zikafuka moshi. Waliposoma wakamaliza, na dua ikaombwa, Mwalimu hakuacha sinia zishushwe. Alitaka watoto kwanza. Shangazi mmoja akanong'ona, "Leo siku ya kufunza?" Mama akamkanyaga mguu.

Mwalimu alikuwa na mkungu wa ndizi za mto Juba na pakiti ya baasto mbichi. "Zena, wewe Italia. Simama penye pipa."

"Italia mimi!" Zena akaruka, halafu akaona nyuso za wanawake, akasimama wima.

Nami nilikuwa nimeshaanza kujilaza mkekani mahali pangu. Mwalimu akanigusa bega. "Leo toka hapo. Bahari nakaa mimi."

Akaketi katikati ya ua, miguu ameinyosha, mgongo hauegemei. Akaanza kusema kwa ile sauti yake iliyokwaruzika. Kwamba zamani ndizi za mashamba ya Juba ziliteremshwa hapa bandarini, zikapakiwa kwenda Italia. Kwamba Waitalia walikuja na baasto zao, wakaondoka, baasto zikabaki. Kwamba ndiyo sababu mpaka leo sisi hula baasto na ndizi kwenye sahani moja, na wageni wakituona wanashangaa. "Ndizi na baasto ni watu wa bandari mbili," alisema, "waliozoeana njiani."

Watoto wakaanza kupitisha ndizi. Kila ndizi ilimfikia yeye, akaitazama, akaipeleka upande wa Zena.

"Zilikuwa na meli yao. Ndani baridi, zimepangwa kama watoto waliolala, zimewekewa karatasi zisichubuke. Zilipita hapa salama. Ndizi."

Mikono yake ilisimama. Zena, amekumbatia ndizi zote za Italia kifuani, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Na mwanao alipita hapo?"

Mama akafunga macho.

"Alipita hapa," Mwalimu akasema.

"Akafika?"

"Hakufika."

Neno hilo hakuwahi kulisema. Aliangalia mapaja yake, pale alipokuwa ameketi kama bahari, kana kwamba kuna mchu amelala juu yake. Kisha wanawake wakasema kwa pamoja kuwa sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, na yule shangazi aliyenong'ona ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Mwalimu aliwaacha walie. Baadaye akajifuta, akasema, "Kuleni. Baasto zikipoa hugandana." Naye akala. Niliona mwenyewe, baasto na ndizi, polepole, hadi mwisho.

Leo asubuhi, Jumamosi, ambayo kwetu ni siku ya shule, nilipita kwake kabla ya masomo kumsaidia kurudisha sufuria za watu. Alikuwa jikoni anapika anjero, ile mikate myembamba ya kumimina. Alimimina upawa mmoja, akautandaza kwa mzunguko, ukatoa macho, akauepua. Akachota wa pili. Upawa ukabaki hewani juu ya chuma cha moto. Nilimwona anavyofikiri. Kisha akaurudisha polepole kuelekea ndooni.

Kuomba chakula kwenye nyumba ya watu ni aibu kubwa, kwa msichana ni kubwa zaidi, na mimi kuongea tu ni kazi.

"Mwalimu," nilisema, "usirudishe. Sijala."

Alinigeukia, akanitazama sana. Kisha akamimina.

Kwetu nilikuwa nimeshakunywa chai na anjero mbili. Niliketi chini, nikala na ya tatu.